Breki za Mama Godelive wa Kapolowe

Siku mliponiaga pale atelye, karakana yetu, nikiwa bado na keki mdomoni, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo wateja wamekuwa wakiniuliza tangu nilipokuwa msichana: breki zikiisha, mtu azibadilishe mwenyewe nyumbani, au alipe konsesioneri, yaani wakala wa magari kama sisi? Wote mlicheka, kwa sababu shefu mpya alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani yake. Nikajifanya bado ninatafuna. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo nitajibu. Lakini jibu langu lina watu ndani yake, na mtanivumilia nikianza mbali.

Nilifika pale nikitoka moja kwa moja shule ya ufundi, msichana wa mtaa wa Panda, baba akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Chini ya ovaroli nilivaa sketi, maana mama yangu alikataa katakata nipite barabarani kama mwanamume. Sketi ile ilidumu mpaka saa nne asubuhi, iliponaswa kwenye kriki, ile jeki ya kuinulia magari. Niliikata kwa mkasi wa bati na sikuivaa tena kazini. Nyumbani nilisema imeibiwa.

Nilikabidhiwa kwa Papa Kalenga, fundi wa freni, kama tunavyoziita breki hapa Likasi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko karakana yenyewe, na hakujua kuongea polepole hata kanisani. Hakuniambia karibu. Alinisukumia diski ya breki iliyokuwa mezani, akasema, "Funga macho. Pitisha ukucha pembeni. Unasikia nini?"

"Kuna ukingo, Papa. Kama mdomo wa sufuria."

"Njo vile, ndivyo! Ile mudomo ni chuma yenye imebaki. Katikati imelika. Sasa unajua kusoma diski. Bengine beko na diplome na habajue!" Kisha akacheka mwenyewe kwa nguvu hadi mteja mmoja akachungulia kuona nani ameumia.

Papa Kalenga alinifundisha kazi yote kwa vitu vya kuokota. Kile chuma kizito kinachobana diski, ambacho vitabu vyenu vina jina lake la Kifaransa, hakikuruhusiwa hata siku moja kuning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Alikuwa na waya uliokuwa mshikio wa ndoo, ameukunja mfano wa herufi S, na kwa waya huo alikitundika kwenye springi kama nyama buchani. "Ule mpira ni mushipa," alikuwa akisema. "Weye utapenda bakutundike kwa mushipa?" Mashine za kompyuta zimekuja na nyingine zimeharibika, lakini mpaka naondoka nilikuwa bado natundika kwa waya, na sijaona chombo cha Ulaya kinachoushinda.

Shefu wa atelye katika miaka yangu mingi pale alikuwa Dieudonné. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mrefu, safi, kalamu daima kwenye mfuko wa shati, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: breki zinafanyiwa kazi ndani ya lango letu, na mafundi wetu, basi. Msidhani ilikuwa tamaa ya kampuni tu. Nilikuwepo siku sheria ile ilipozaliwa.

Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida. Tukasikia kelele inakuja kutoka barabarani, kama mtu anayeburuta sufuria juu ya saruji. Basi dogo la abiria likaingia langoni, halikupunguza mwendo, likapita kando ya Dieudonné kwa upana wa kiganja na kusimama kwa kuugonga ukuta wa stoo. Ukuta ulianguka. Dereva akashuka mzima, ametabasamu kabisa.

"Nilibadilisha plakete jana, minye mwenyewe!" alisema. "Lakini inalia kidogo."

Papa Kalenga akatoa gurudumu. Zile plakete, yaani vipande vinavyoibana diski, dereva alikuwa amezitia kinyume: upande wa chuma ndio uliokuwa unasugua diski, na upande wa kushika ukiwa umegeukia nje, mpya kabisa, haujaguswa. Kila mtu alicheka isipokuwa Dieudonné. Alikuwa ameegemea mlango, uso umekauka, akiangalia pale alipokuwa amesimama basi lilipompita. Kuanzia siku ile, mteja yeyote aliyeuliza bei ya plakete bila kuleta gari alijibiwa hivi: "Redio ikikufa, muntu anaweza kuimba mwenyewe. Freni ikikufa, atafanya nini?"

Nilimheshimu kwa hilo. Nilidhani ana haki, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kufikiri vingine. Mpaka alipokuja Mama Godelive.

Mama Godelive alikuwa mkunga wa zahanati moja upande wa Kapolowe, mwanamke mwenye mikono mipana na mwendo wa haraka. Gari lake lilikuwa pikapu ya zamani, rangi yake haijulikani tena, na hiyo ndiyo iliyowaleta wajawazito wenye uzazi mgumu mpaka hospitali ya Likasi. Alifika kaunta akasema anataka plakete za mbele na mpira wa mafuta wa upande wa kulia, kwa sababu ameuona umepasuka-pasuka. Dieudonné akamwambia aache gari siku tatu, maana mpira ungetoka Lubumbashi.

"Siku tatu?" alisema Mama Godelive. "Shefu, bamama ba kule habazaye kwa rendevu, kwa siku ya kupangwa. Uniuzie bintu, nitaweka minye mwenyewe."

"Mama, freni haiko kazi ya nyumbani."

"Na kuzalisha? Bantu bengi banazaa nyumbani, na njo minye banaita wakati inaharibika."

Dieudonné hakucheka, lakini nilimwona akitazama kalamu yake. Alikataa. Mama Godelive akaondoka na ile pikapu, na nilipokuwa nikimfungulia lango nilisikia magurudumu ya mbele yakilia chuma kwa chuma. Sikuweza kuivumilia sauti ile. Nikamkimbilia, nikagonga kioo. Nikamwambia atafute vipande kwenye duka linalouza vipya halisi, nikamwandikia namba za vipande hivyo kwenye kiganja chake, na kwamba asubuhi ya Jumamosi, ambapo siko kazini, nitakuja Kapolowe. "Siji kukufanyia," nilimwambia. "Nakuja kukuonyesha. Utafanya weye."

Alinishika mkono kupitia dirishani, akautikisa mpaka bega likaniuma.

Jumamosi ile! Nikiandika hapa mkono unataka kukimbia. Nilishuka kwenye teksi-basi na mfuko wangu wa vifaa, nikamkuta amekwisha kuliegesha gari mahali pa tambarare mbele ya zahanati, mawe nyuma ya magurudumu, kitenge amekifunga juu ya suruali, kitambaa kichwani. Tulianza kushoto. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yangu nimeikalia ili isimnyang'anye kazi. Watu wanadhani kufundisha ni kusema. Kufundisha freni ni kujizuia.

Nami nawaambia, nimefundisha mafundi wengi, na sikuwahi kuona mikono kama ile. Alikuwa hasukumi kwa nguvu pasipojibu. Pistoni ilipogoma kurudi ndani hakupiga nyundo. Alisimama, akaangalia, akagundua kifuniko cha mafuta hakijalegezwa. Alisafisha zile pini zinazoteleza mpaka zikang'aa, akapaka grisi kidogo tu. Alipotia plakete mpya aliinua moja juu, akaniuliza upande gani unaangalia diski, nami nikamsimulia yule dereva na ukuta wa stoo. Alicheka hadi akakaa chini kwenye vumbi.

"Kumbe ni hii tu?" aliniambia, akizungusha diski kwa mkono. "Ni hii tu, Mama Béa! Miaka yote naogopa ile gurudumu!"

Tukahamia kulia. Hapo kazi ni nyingine, kwa sababu mpira ukifunguliwa mafuta yanamwagika na hewa inaingia, na hewa ndani ya breki maana yake ni kukanyaga pedali na mguu kuzama kama kwenye tope. Alikuwa amekwisha kuutoa mpira mbovu, mafuta yakidondoka kwenye bakuli, gurudumu limelazwa chini, pikapu juu ya mawe na miti, ndipo tukasikia mtu anaita kwa mbali.

Mwanamume alikuwa anasukuma baiskeli kwa mbio, na juu ya kibebeo amekaa mke wake, ameinama, anamshika mgongo. Nyuma yao alikuja mama wa yule mwanamume, bibi kizee mwembamba, nkambo kama tunavyosema kwetu, viatu mkononi. Mama Godelive aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni na mafuta ya taa na sabuni tena, akaingia ndani na yule mwanamke. Alitoka uso umebadilika.

"Mutoto amelala kando ndani ya tumbo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hapa siwezi. Lazima hopitali ya Likasi, mbiyo."

Tukaangalia gari pamoja. Sihitaji kuwaambia lilivyokuwa.

Gari lingine pekee la pale, la misheni, lilikuwa limekwenda Lubumbashi. Yule mume alikimbilia barabara kuu kusimamisha chochote, na tuliona malori ya madini yakipita kwa mbali bila kupunguza. Mama Godelive akasema, "Mama Béa, weye maliza. Minye nabaki naye. Lakini fanya sawa vile ni kaburi ama maisha." Akarudi ndani.

Nilikuwa nimebanwa kichwa na haraka, nikajilazimisha kufanya taratibu. Mpira mpya ukaingia. Plakete zikaingia. Lakini kutoa hewa kunahitaji watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga kile kiskrubu cha kutolea hewa. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mtu, isipokuwa nkambo, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akisali rozari.

"Nkambo, kuya! Panda ndani ya gari!"

"Minye? Mahali pa dereva?" Alishtuka kama nimemwambia apande altare. "Sijaikala pale hata siku moja!"

"Leo njo siku. Kuna bintu tatu chini. Ya katikati, ukanyage na muguu wa kuume."

Alipanda. Miguu yake haikufika vizuri, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti, akaukamata usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mbuzi asikimbie. Nikalala chini.

"Kanyaga!"

"Nakanyaga!"

"Shikilia! Usiachilie hata kidogo!"

Nikafungua, mapovu yakatoka, nikafunga. "Achilia!"

"Naachilia, Yesu wangu!"

Tulifanya hivyo tena na tena. Nilikuwa natoka chini mbio kuongeza mafuta ya breki kwenye kopo lake, narudi chini, na kila mara yule nkambo alikuwa anapata ujasiri zaidi. Mwishowe yeye ndiye aliyekuwa ananiamuru mimi: "Nimekanyaga! Fungua, mama, fungua!" Mapovu yakapungua, yakawa madogo kama mbegu za mtama, kisha mafuta yakatoka safi, bila hata pumzi. Nikasikia sauti kutoka juu ikishangaa: "Eh! Imekataa kwenda chini! Imekuwa nguvu sawa jiwe!"

Sijawahi kusikia ripoti nzuri zaidi ya fundi yeyote. Nikapiga kelele ya furaha kule chini, nikagonga paji la uso kwenye chuma. Alama hii mnayoiona juu ya nyusi, mliyokuwa mkinong'ona kwamba ni mume, ndiyo hiyo.

Tulimlaza yule mwanamke nyuma juu ya godoro la zahanati, Mama Godelive kando yake, nkambo akikataa katakata kuachwa. Mume, aliyekuwa amerudi kutoka barabarani mikono mitupu, alipanda mbele na mimi, nami nikashika usukani. Plakete mpya hazishiki vizuri papo hapo; zinahitaji kuzoeana na diski. Kwa hiyo kabla ya barabara kuu, pale njia iliponyooka, nilikimbiza gari kidogo na kukanyaga breki taratibu, kukimbiza na kukanyaga. Mume alinitazama kama mwendawazimu.

"Mama, unasimama-simama juu ya nini?"

"Ili nisimame wakati ya kusimama," nilimjibu.

Na wakati huo ulifika. Tulikuwa tumekaribia Likasi, kwenye mteremko, lori nyuma yetu likipiga honi, ndipo baiskeli iliyobeba magunia ya makaa ikayumba kutoka pembeni na kuanguka katikati ya njia pamoja na mwenyewe. Nilikanyaga. Ndugu zangu! Mlitegemea nitasema nilifunga macho? Niliyafungua yote. Pikapu iliinama mbele, ikapunguza mwendo imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia, ikasimama mbele ya mtu yule ambaye bado alikuwa anashika kofia yake. Lori likatupita kando likipiga kelele. Nyuma nilisikia nkambo akisema kwa sauti ya mwenye mali, "Ile freni, njo minye nilikanyaga!"

Hospitalini walimpokea mbio na kumpasua. Tulikaa nje ukutani. Kisha muuguzi akatoka akicheka: mama ni mzima, na mtoto ni msichana, mkubwa, mwenye hasira. Mama Godelive aliyekuwa hajalia tangu asubuhi alilia pale, akijifuta kwa kitambaa chenye grisi, na uso ukawa mweusi kuliko wangu. Mimi nilirukaruka kama mtoto. Walinzi walituomba tuondoke, kwa heshima.

Jumatatu nilipofika kazini, Dieudonné alikuwa ananisubiri langoni. Mtu wa hospitali ni binamu yake; katika mji huu habari hazihitaji redio.

"Ulifanya kazi ya freni inje," alisema.

"Nilifanya upande moja, Shefu. Upande ingine alifanya mukunga."

Aliangalia jeraha la paji langu la uso. Kisha akasema, "Ile gari ilete hapa. Leo. Minye mwenyewe nitaifungua. Nikikuta kitu haiko sawa, usirudi kesho."

Mama Godelive aliileta mchana. Atelye nzima iliacha kazi. Papa Kalenga alikuwa amestaafu tayari, lakini alikuwa amekuja kutusalimia, naye akajiketisha kwenye tairi kama mtu aliyelipa kiingilio. Dieudonné alivua saa yake, akakunja mikono ya shati lile safi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote nikamwona akipiga magoti mwenyewe. Alitoa magurudumu yote mawili ya mbele. Alipitisha kidole, akavuta, akasukuma, akamulika tochi, akakanyaga pedali.

"Hii ya kushoto nani alifanya?"

"Minye," alisema Mama Godelive. Alisimama mikono kiunoni, tayari kupigana.

"Na hii ya kuume?"

"Minye, Shefu," nilisema.

Aliinuka polepole, akifuta mikono. "Byote biko muzuri. Lakini ya kushoto ni safi kuliko ya kuume."

Karakana ilipasuka kwa kicheko. Papa Kalenga alipiga makofi juu ya mapaja yake, akipaza sauti, "Mwanafunzi amemupita mwalimu, na mwalimu ni wangu!" Hata Dieudonné alicheka, na nilipomwona anacheka ndipo nikajua nitarudi kesho.

Lakini hakumaliza hapo. Alimgeukia Mama Godelive, akamwuliza polepole, si kama shefu: "Mama, uliogopa?"

"Sana. Kwa ile njo nilisafisha vile."

Nadhani jibu lile ndilo lililomgeuza. Wiki iliyofuata alibandika tangazo: Jumamosi asubuhi lango liko wazi kwa mwenye gari anayetaka kujifunza. Afanye kwa mikono yake, hapa au kwake, kisha alete gari tulipime kabla halijabeba watu. Wa kwanza walikuwa wachache, wakiona haya. Kisha wakaja walimu, katekista, mama wanaouza samaki wa mto Lufira, dereva mmoja wa kutoka Mwadingusha aliyesafiri asubuhi yote kwa ajili ya somo. Hatukupoteza wateja. Waliojifunza walituamini zaidi, maana sasa walijua tunachowafanyia kule ndani.

Basi, jibu langu kwenu ni hili. Plakete na diski za gari la kawaida, mtu mwenye subira, akiwa na mahali tambarare na fundi wa kumkagulia gari baadaye, na afanye mwenyewe. Atalipenda gari lake zaidi. Lakini taa ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, au breki ya mkono ni ya umeme, ya kubonyeza kidude, au pedali bado inazama baada ya kutoa hewa, asijifanye bingwa. Amlipe konsesioneri, na asinung'unike sana. Na ninyi mkipokea gari kama hilo, msimcheke aliyejaribu.

Niwape moja ya mwisho, kwa sababu ilitokea wiki yangu ya mwisho kazini na bado ninacheka. Simu yangu ililia katikati ya kazi. Dieudonné, aliyehamia Lubumbashi baada ya kustaafu, alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Mama Béa! Inasimama! Imenyooka, inasimama!"

"Nini, Shefu?"

"Freni! Nimebadilisha minye mwenyewe, mu parseli, hapa kwangu nyumbani, na mikono yangu! Miaka yote nilikuwa naamuru bengine, sikujua ni tamu vile! Nimezunguka kartié, mutaa yote, majirani beko naniangalia!"

Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye ndoo. Nikamwuliza kama pedali ni ngumu. Ngumu! Kama kopo la mafuta limejaa. Limejaa! Kama plakete zimeangalia upande unaofaa. Akacheka, akaniambia nisimtukane.

"Na nati za magurudumu, Shefu, ulizikaza tena baada ya gari kushuka chini?"

"Usikate simu," alisema.

Nikasikia ndara zikikimbia kwenye saruji, buti ya gari ikifunguliwa, sauti ya mke wake ikiuliza, "Papa, unaenda tena wapi?" Kisha spana, kwa mbali, ikilia mara kwa mara, gurudumu hadi gurudumu. Wale kati yenu waliokuwa karibu walinikusanyikia, nikaweka simu wasikie wote, tumeshikilia vicheko vyetu kwa mikono. Alirudi anahema sana.

"Bon," alisema Shefu Dieudonné. "Sasa niulize tena."